Hedifoni za zamani na za leo: jinsi ya kulinganisha sauti zao kwa haki

Ukikaa na wapenzi wa muziki, haikawii mtu kusema kwamba Sony za zamani ndizo zilikuwa na sauti, za siku hizi ni plastiki tupu. Mwingine atakwambia Beats ni besi tu. Wa tatu ataapa kwamba Sennheiser haijawahi kushuka. Wote watatu wanazungumza kana kwamba kila chapa ina sauti moja isiyobadilika miaka nenda miaka rudi. Ukweli ni kwamba sauti iko kwenye modeli, kwenye hali ya mito yake, kwenye kifaa kinachoipigia muziki, na kwenye masikio ya msikilizaji, ambayo nayo yanazeeka. Anayetaka kujua kama kampuni fulani imepanda au imeshuka hana budi kuzikutanisha modeli zake ana kwa ana, kwa utaratibu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hedifoni mbili tatu, za kwake au za kuazima, simu mbili, kompyuta ikiwezekana, na jioni chache za utulivu. Hauhitaji maabara.

Hatua ya 1: Bainisha unachokilinganisha

Swali la "Sony au Bose?" halina jibu. Swali la "WH-1000XM3 ya 2018 na WH-1000XM5 ya 2022, ipi inamtoa mwimbaji wazi zaidi?" lina jibu, na unaweza kulipata nyumbani kwako. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, andika jina kamili la modeli na mwaka ilipotoka.

Utagundua mambo. Chukua ukoo huo wa Sony: ulianza na MDR-1000X mwaka 2016, ikaja XM2 mwaka 2017, XM3 mwaka 2018, XM4 mwaka 2020, XM5 mwaka 2022 na XM6 mwaka 2025. Kwa mnunuzi ni jina moja linaloongezewa namba. Lakini XM4 ina spika ya ndani yenye kipenyo cha milimita 40, na XM5 ikapewa ya milimita 30. Hiyo ni hedifoni mpya iliyorithi jina, na mtu anayesema "za Sony nazijua" kwa sababu aliwahi kumiliki XM3 hajaisikia XM5 hata kidogo.

Angalia pia nani alikuwa anaimiliki kampuni wakati modeli hiyo inatengenezwa. Beats ilianzishwa mwaka 2006 na Dr. Dre pamoja na Jimmy Iovine. Beats Studio ya kwanza ilitoka mwaka 2008 kwa ushirikiano na kampuni ya Monster, ikitumia betri mbili ndogo za AAA, na betri zikiisha hedifoni ilikuwa inanyamaza kabisa. Apple iliinunua Beats mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Sifa ya besi nzito inayofunika kila kitu ilijengwa na zile za mwanzo. Ukiilinganisha Studio ya 2008 na Studio Pro ya 2023, unalinganisha kazi za mikono tofauti.

AKG ni mfano mzito zaidi. Ilizaliwa Vienna mwaka 1947, ikaja kumilikiwa na Harman ya Marekani, na Harman yenyewe ikanunuliwa na Samsung mwaka 2017. Mwaka huohuo ofisi ya Vienna ilifungwa, na baadhi ya wahandisi wake wakaanzisha kampuni yao, Austrian Audio. Kwa hiyo herufi AKG kwenye iafoni iliyokuja ndani ya boksi la simu, na herufi hizohizo kwenye hedifoni ya studio iliyotengenezwa Vienna, hazikuambii kwamba sauti ni ya ukoo mmoja. Sennheiser nayo iliikabidhi biashara yake ya hedifoni za watumiaji wa kawaida kwa kampuni ya Sonova ya Uswisi mwaka 2022, ingawa modeli kama HD 600, iliyotoka mwaka 1997, bado zinauzwa.

Hatua ya 2: Tafuta hedifoni ya rejea

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na bila hiyo kulinganisha kwa miaka hakuwezekani. Kumbukumbu ya binadamu kuhusu sauti kwa undani wake hufifia ndani ya sekunde chache. Unachokikumbuka kuhusu hedifoni uliyokuwa nayo chuoni ni furaha yako ya wakati ule, labda na besi yake, lakini si sauti yenyewe.

Dawa yake ni kuwa na hedifoni moja isiyobadilika, unayoitumia kama kipimo. Leo unailinganisha modeli A na rejea, unaandika. Baada ya miaka mitatu unaazimwa modeli B, unailinganisha na rejea ileile, unaandika. Hapo A na B zimeshakutana, hata kama A ilishauzwa zamani.

Rejea nzuri ina sifa tatu: ni ya waya, haina programu ya ndani inayoweza kubadilishwa na kampuni usiku ukiwa umelala, na mito yake inapatikana kwa urahisi. Koss Porta Pro imekuwa ikiuzwa tangu 1984, ni nyepesi na bei yake si ya kutisha. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 na hadi leo utaikuta kwenye studio za redio na za kurekodia. Zote mbili zinaendeshwa na simu au kompyuta ya kawaida. HD 600 niliyoitaja ni kipimo bora kuliko zote mbili, ila ina ukinzani wa omu 300, na simu nyingi hazina nguvu ya kuisukuma ipasavyo, kwa hiyo utahitaji amplifaya ndogo. Kama uwezo ni mdogo, hata iafoni ya waya ya bei nafuu inafaa, mradi uitunze na uitumie kwa kazi hii peke yake.

Hatua ya 3: Hakikisha ni orijino

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi utauziwa "JBL", "Beats" na "Sony" za kila rangi. "Dada, hii ni orijino kabisa, ijaribu mwenyewe." Kuijaribu hakutoshi, maana feki nayo inalia. Ukilinganisha feki utakuwa umeipima kampuni nyingine isiyo na jina.

Chukua mzani wa jikoni. Kampuni huandika uzito wa kila modeli kwenye maelezo yake rasmi: WH-1000XM4 ina gramu 254, XM5 gramu 250, AirPods Max zinakaribia gramu 385. Tofauti ya gramu 30 ni kengele ya hatari. Kisha iunganishe na programu rasmi ya kampuni kwenye simu. Sony orijino itatambuliwa na programu ya Sony, ikaonyesha betri, ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti za juu) na toleo la programu ya ndani. Kwa AirPods kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu feki nyingi zinaweza kufungua ile picha inayojitokeza kwenye iPhone. Namba ya usajili nayo huweza kunakiliwa, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Unganisha dalili zote: uzito, programu, ubora wa mishono na uso wa plastiki, na historia ya aliyekuuzia.

Hatua ya 4: Irudishie ya zamani hali yake

Hedifoni ya mwaka 2012 iliyokaa Tanga au Mombasa imeshapambana na joto, jasho na unyevu wa bahari. Ngozi bandia ya mito imeanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Sponji ndani imelala. Ukiiweka karibu na mpya na kusema ya zamani ni mbovu, umeipima mito iliyokufa.

Mito ni sehemu ya chombo. Umbali kati ya spika na tundu la sikio, na jinsi mto unavyoziba kuzunguka sikio, huamua besi na sehemu kubwa ya sauti za juu. Mto ukilala kwa milimita chache, spika inasogea karibu na sikio na mlio mzima unabadilika. Mto ukipasuka, besi inavujia nje.

Kwa hiyo badilisha mito kabla ya kulinganisha. Tafuta ya kampuni yenyewe kama bado inatengenezwa. Beyerdynamic na Sennheiser, kwa mfano, huuza mito ya modeli zao za miaka mingi. Ukilazimika kutumia mito ya kampuni nyingine, chagua yenye unene, upana wa tundu na aina ya ngozi inayokaribiana na ya asili, kisha uandike jambo hilo kwenye daftari. Mito minene ya "kifalme" inayouzwa mtandaoni ni laini kweli, lakini inaigeuza hedifoni kuwa kitu kingine.

Baada ya mito, angalia waya. Cheza muziki, uzungushe pini taratibu kwenye tundu, uupinde waya karibu na kikombe cha sikio. Ukisikia mikwaruzo au upande mmoja unakatika, tengeneza kwanza. Safisha pia wavu wa iafoni. Nta ya sikio ikikauka pale hushusha sauti za juu upande mmoja, na watu wengi huamini iafoni imekufa wakati imeziba tu.

Hatua ya 5: Pima kama inaziba vizuri

Tafuta mlio wa 50 Hz, yaani mlio mzito wa mitetemo 50 kwa sekunde. Kuna programu nyingi za bure za kutoa milio ya masafa mbalimbali, na Audacity kwenye kompyuta huutengeneza pia. Uweke kwa sauti ya wastani, vaa hedifoni, kisha ubonyeze vikombe viwili taratibu kwa viganja kuelekea kichwani. Kama besi inaongezeka sana ukibonyeza, hewa inavuja.

Miwani huvujisha. Mtandio na kilemba huvujisha. Nywele za kusuka zilizopita chini ya mto huvujisha. Dada anayevaa hijabu na kaka mwenye kipara wanaweza kuvaa hedifoni ileile, mmoja akasema haina besi na mwingine akasema besi imezidi, na wote wakawa wakweli. Kama unavaa miwani au mtandio kila siku, zipime hivyohivyo, maana ndiyo hali utakayoitumia, ila usibadilishe katikati: hedifoni zote mbili zipimwe na miwani, au zote bila miwani.

Kwa iafoni za kuingiza ndani, jaribu vipira vya ukubwa wote vilivyokuja kwenye boksi. Mara nyingi sikio la kushoto linataka kipira tofauti na la kulia.

Hatua ya 6: Chagua muziki unaoujua kwa ndani

Vipande vitano au sita vinatosha. Vichague kwa sababu ya kazi vinayofanya.

Taarab ya kikale ya Zanzibar ni hazina kwa kazi hii. Fidla kadhaa zinapiga mstari mmoja, ganuni inadonoa juu yake, akodiani inajaza katikati, na dumbaki inatembea chini. Sikiliza dumbaki peke yake kwanza. Pigo la katikati ya ngozi ni zito na la mviringo. Pigo la ukingoni ni kavu na kali. Hedifoni nzuri inakupa yote mawili yakiwa na nguvu inayolingana na yanavyosikika ukumbini. Hedifoni iliyovimba besi italifanya pigo la katikati liwe wingu, na fidla zitajificha nyuma yake. Halafu hamia kwenye fidla: je, unasikia ni fidla nyingi zinazokaribiana, kila moja na mkwaruzo wake wa upinde, au ni mlio mmoja laini kama wa kinanda cha umeme? Hapo ndipo modeli nzuri na ya kawaida huachana njia.

Rumba na dansi hukupa magitaa. Tafuta rekodi yenye solo upande mmoja na rithimu upande wa pili, ujue kama unaweza kulifuata moja bila kulipoteza lingine. Singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hukuonyesha kama besi inasimama inapotakiwa kusimama, maana besi inayoburuza haipati nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo. Amapiano inafaa kwa besi ya chini kabisa.

Kisha weka sauti ya mtu anayesema bila muziki: msomaji wa taarifa ya habari ndiye bora. Sauti ya binadamu tumeizoea tangu tumboni, kwa hiyo kasoro yake tunaijua papo hapo. Sikiliza s, sh na z zake. Zikichoma, sauti za kati ya 5,000 na 8,000 Hz zimezidi. Akisikika kama anasemea ndani ya pipa, kuna mrundikano karibu na 200 au 300 Hz.

Tumia faili moja kwa hedifoni zote. Programu za muziki hushusha ubora mtandao ukiwa dhaifu, kwa hiyo pakua wimbo kwanza, uweke ubora wa juu kabisa kwenye mipangilio, na uzime ikwalaiza zote. Jihadhari na albamu za zamani zilizosafishwa upya: toleo jipya mara nyingi limepandishwa ukali, na si wimbo uleule kwa kazi hii.

Hatua ya 7: Sawazisha ukubwa wa sauti

Nikiambiwa nichague hatua moja tu ambayo mtu asiiruke, ni hii. Hedifoni inayolia kwa nguvu kidogo zaidi, hata kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1 au 2, haisikiki kuwa imezidi ukubwa; inasikika kuwa bora. Ina besi zaidi, ina uwazi zaidi, ina uhai. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell huko Marekani walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikishuka, besi ndiyo inayopotea haraka zaidi masikioni. Muuzaji anayekupigia hedifoni ya bei kubwa kwa sauti ya juu anaitumia sheria hiyo, ajue asijue.

Fanya hivi. Kata kipande cha boksi gumu, bapa, kikubwa kuliko kikombe cha hedifoni. Toboa tundu dogo katikati, la ukubwa wa punje ya hindi. Weka hedifoni juu ya boksi, tundu likiwa katikati ya mto, na uigandamize kidogo kwa kitabu ili ibane. Chini ya tundu weka maikrofoni ya simu ya pili, ikigusa boksi. Kwenye simu hiyo fungua programu ya kupima desibeli, na uchague kipimo cha dB(A), ili hedifoni yenye besi kubwa isiidanganye mita.

Sasa cheza mlio mchanganyiko wa masafa yote, ule unaovuma kama maporomoko ya maji. Audacity huutengeneza, ukichagua kelele ya aina ya "pink". Andika namba inayosomeka. Toa hedifoni ya kwanza, weka ya pili mahali palepale, urekebishe sauti hadi namba iwe ileile. Simu yako huenda haisomi desibeli za kweli. Haidhuru, kwa sababu unachohitaji ni namba mbili kulingana.

Tatizo utakalokutana nalo ni vidato vya sauti kwenye simu. Simu nyingi za Android zina vidato 15 tu, na kidato kimoja kinaweza kuruka desibeli kadhaa. Tumia kompyuta, na urekebishe kwa kutumia asilimia ndani ya programu kama VLC. Ukifika kwenye tofauti ya nusu desibeli, umefanya kazi nzuri. Desibeli 1 inavumilika. Zaidi ya hapo, rudia.

Ukishasawazisha, andika kiwango cha kila hedifoni. Wala usisikilize kwa sauti kubwa: Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na masikio yaliyochoka hayalinganishi chochote.

Hatua ya 8: Kwa za Bluetooth, dhibiti mambo manne

Kwanza, kodeki, yaani njia ya kuubana muziki ili upite kwenye Bluetooth. iPhone hutumia AAC. Android huweza pia kutumia LDAC ya Sony au aptX, kutegemea simu na hedifoni. Tumia kodeki moja kwa zote mbili, hata kama ni ya kawaida. Pili, hali ya kuzima kelele za nje: kuiwasha hubadilisha besi kwenye modeli nyingi, kwa hiyo iwashe kwa zote au izime kwa zote. Tatu, programu ya ndani. Kampuni zinaweza kubadilisha sauti kwa sasisho moja, na hedifoni uliyoipima Januari ikawa si ileile Agosti, basi andika namba ya toleo kila unapopima. Nne, maikrofoni: programu yoyote ya simu au mkutano ikiwa wazi, hedifoni inaweza kuhamia kwenye hali ya mazungumzo na muziki ukasikika kama redio ya mbali.

Halafu kuna waya. Hedifoni nyingi za Bluetooth zikichomekwa waya zikiwa zimezimwa hulia tofauti kabisa, kwa sababu ile kompyuta ndogo ya ndani inayorekebisha sauti imelala. Mtu akikwambia XM3 "kwa waya ina sauti safi zaidi", muulize ilikuwa imewashwa au imezimwa.

Hatua ya 9: Sikiliza kwa vipande vifupi, andika kwanza, bishana baadaye

Sekunde 15 hadi 20 za wimbo, badilisha, sekunde zilezile tena. Kulinganisha wimbo mzima na wimbo mzima ni kulinganisha kumbukumbu. Kila baada ya robo saa pumzisha masikio.

Andika kwa maneno ya kawaida na kwa kurejelea kitu kimoja. Kwa mfano: "XM3, mito mipya, Bluetooth AAC, kuzima kelele kumewashwa. Dumbaki nzito kuliko rejea, pigo la ukingoni limefifia. Mwimbaji yuko nyuma ya rejea. Herufi s haichomi." Maandishi hayo yatakusaidia miaka mitano ijayo. Maneno kama "sauti tamu" au "iko poa" hayatakusaidia kesho.

Jina la kampuni lina nguvu kuliko tunavyokubali. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa Harman, waliwapa watu spika wazipe alama wakiziona, na pia zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika, hata kwa wasikilizaji wenye uzoefu. Hedifoni ni ngumu kuficha, kwa sababu uzito na mkazo wake kichwani vinaitambulisha. Njia ya nyumbani ni kumwita mtu asiyefuatilia chapa, mama, mdogo wako au jirani, afumbe macho, umvishe wewe mwenyewe ili asiipapase, na umuulize jambo moja la wazi: "Mama, ipi maneno ya mwimbaji unayapata yote?" Usimuulize ipi nzuri. Majibu ya watu watatu wa namna hiyo nayathamini kuliko ukaguzi mrefu wa mtu aliyezilipia mwenyewe.

Ukiwa na umri wa kutosha kuikumbuka Walkman, kumbuka pia kwamba masikio yako ya leo hayazisikii sauti za juu kabisa kama ulipokuwa na miaka 18. Ni kawaida ya mwili. Kijana akisema hedifoni inachoma na wewe ukaiona laini, muamini.

Hatua ya 10: Tumia grafu kwa modeli usizoweza kuzishika

Hedifoni nyingi za zamani hutazipata. Hapo ndipo vipimo vya wengine, vinavyochorwa kwenye grafu za nguvu ya sauti kwa kila masafa, vinaposaidia. Tovuti ya Rtings ya Canada hununua hedifoni zake na kuzipima kwa utaratibu mmoja. Tyll Hertsens wa tovuti ya InnerFidelity alipima mamia hadi alipostaafu mwaka 2018, na karatasi zake ni kumbukumbu muhimu ya miaka ile.

Kanuni ya kwanza: usilinganishe grafu za mashine mbili tofauti. Kichwa bandia chenye maikrofoni masikioni cha kampuni ya GRAS na kile cha Brüel & Kjær aina ya 5128 huchora mistari tofauti kwa hedifoni moja. Linganisha ya zamani na mpya kutoka kwa mpimaji mmoja na mashine moja.

Ya pili: tazama maeneo mapana. Chini ya 100 Hz ni besi nzito. Kati ya 1,000 na 4,000 Hz ndipo maneno ya mwimbaji yanapokaa wazi. Tofauti ya desibeli 3 kwenye eneo pana utaisikia bila shida. Kilele chembamba karibu na 9,000 Hz kinaweza kuwa cha kichwa bandia tu, kwa sababu kwenye masafa hayo umbo la kila sikio lina mlio wake.

Ya tatu: mstari ulionyooka kama meza si lengo. Kuanzia mwaka 2012 Sean Olive na wenzake Harman waliwauliza wasikilizaji wa nchi na rika mbalimbali wanapenda hedifoni ya namna gani. Wengi walipenda ile inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri, na wachache wakataka besi zaidi au pungufu. Modeli nyingi za siku hizi zinasogea kuelekea mstari huo, na hiyo ni sababu moja ya chapa tofauti kufanana zaidi leo kuliko mwaka 2008.

Bei usiifanye ushahidi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedifoni 283, na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyotoa masafa.

Hatua ya 11: Rudia ukiwa na ikwalaiza

Chukua ya zamani na mpya, zirekebishe zote mbili zifuate lengo moja, kama ule mstari wa Harman. Mradi wa bure wa AutoEq una marekebisho ya maelfu ya modeli, na kwenye Android programu ya Wavelet huyatumia moja kwa moja. Sawazisha ukubwa wa sauti upya, kwa sababu ikwalaiza huubadilisha, kisha sikiliza vipande vilevile.

Kama tofauti zimekwisha, basi miaka yote iliyopita kati ya modeli hizo mbili ilibadilisha kiasi cha besi na mwanga wa sauti za juu tu, na ya zamani yenye mito mipya inakutosha. Kama tofauti bado zipo, ziandike hasa ni zipi: besi inayopasuka ukiongeza sauti, upande wa kushoto usiolingana na wa kulia, mito isiyoziba, vikombe vinavyobana hadi unavivua baada ya nusu saa. Hayo ikwalaiza haiyaponyi, na ndiyo pekee yenye haki ya kukutoa pesa mfukoni kwa ajili ya modeli mpya.

Hifadhi daftari pamoja na hedifoni ya rejea ndani ya boksi moja, mbali na jua. Mito ya rejea ibadilishe kabla haijaanza kubanduka, na uandike tarehe uliyoibadilisha.